Daktari wa Bastola

Daktari wa Bastola aliposikia kwamba mama muuza vitambaa ameachiwa bastola na marehemu mumewe na hajui bei yake, aliiacha chai yake ipoe. Mjane, bastola, hajui bei! Habari kama hiyo ikimfikia, alikuwa hana dogo, anapiga pasi koti.

Koti ndilo lililokuwa mtaji wake. Lilikuwa na mikono mipana, na ndani ya mkono wa kulia ulijificha mtutu mmoja. Tumpe haki yake, kazi aliijua. Bastola kuukuu hupata bei nzuri ikiwa nambari iliyogongwa juu, ubavuni na kwenye mtutu ni ile ile, yaani hakuna kilichobadilishwa tangu kiwandani. Daktari huifungua, hukohoa, huchomoa mtutu halali na kuchomeka wa kwake. Nambari hazilingani! Mwenye mali hunywea na kuuza kwa bei ya kutupa. Daktari akifika kwake, hurudisha mtutu halali na kuuza kwa bei yenyewe.

Mpango uligoma mara moja tu. Mwaka jana mlinzi mmoja mstaafu alikataa katakata kuuza, wakaagana mtutu wake halali ukiwa bado kwenye koti, na ule wa Daktari ukabaki ndani ya bastola. Daktari hakujali. Tangu siku hiyo alitumia huo wa mlinzi. Kwake chuma ni chuma.

Sebuleni kwa mama, bastola ilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe, mpini wake una vibao vipya vyeusi. Pembeni mzee mmoja alisoma gazeti, kajifunika uso mzima.

"Huyo kaka yangu," mama alisema. "Usimjali, baba, masikio yake mazito."

Daktari alifurahi hadi vidole vikamwasha. Bastola ilikuwa ya aina ile ile ya mtutu wake! Aliifungua, akakohoa kikohozi cha heshima, mkono ukaingia na kutoka. Hata mimi nisingeona.

"Soma mwenyewe, mama, usije ukasema nimekudanganya."

Mama akavaa miwani. "Juu: saba, nne, nne, moja."

"Naam."

"Ubavuni: saba, nne, nne, moja."

"Naam. Sasa jikaze, mama. Mtutu?"

"Saba, nne, nne, moja."

"Unaona! Nilijua tu haziling..."

Gazeti likashuka. Nyuma yake alikuwa mlinzi mstaafu, anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Habari za mwaka mzima, Daktari? Vibao vya mpini nimebadilisha, nikaogopa utaifahamu sura."

"Mwenye duka la silaha alimwambia kaka kwamba atainunua bastola hii ikirudishiwa mtutu wake halali," mama alieleza, huku akiifunga bastola ndani ya kitambaa. "Tungekudai, ungeruka. Nikasema basi, aurudishe mwenyewe."

Daktari aliona aibu, aibu ya kweli, maana kazi yake haikuwahi kwenda safi kama siku hiyo. Akasimama, akainua mkono kuaga kama muungwana. Kutoka kwenye koti mtutu wake wa zamani ukateleza, ukaanguka sakafuni kwa kishindo.

Mama aliuokota, akaufuta vumbi, akamtia mkononi.

"Chukua dawa yako, Daktari. Mgonjwa wetu kapona."