Jinsi Nilivyokigawa Kikohozi

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kaondoka asubuhi kumuuguza mama yake. Kaniachia ufunguo wa banda na nguruwe ishirini, jasho lake la miaka sita. Kasema Jumapili akikuta hata mmoja kapungua, ufunguo anampa kaka yake. Shemeji! Mtu anayechovya viatu kwenye beseni la dawa kabla ya kuingia bandani, utadhani anaenda kumpasua mgonjwa. Nimecheka peke yangu.

Jumanne, 4 Machi
Chumba cha pili wanakohoa. Wanne kati ya watano. Wanapumulia tumbo na chakula hawataki. Daktari wa mifugo kaja, kasema ni bakteria wa mapafu. Wagonjwa wasitoke chumba hicho, madirisha yaachwe wazi, sindano siku tano bila kuruka. Nimeitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari. Alipoondoka nikaziba madirisha kwa magunia. Mgonjwa na upepo wapi na wapi?

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kapita. Kasimama nje ya ukuta, kasema anasikia kikohozi. Nikamwambia ni mimi. Nikakohoa kidogo ili aamini. Hakuamini.

Hapo nikang'amua tatizo. Wagonjwa wanne wakikaa pamoja lazima wasikike! Vyumba ninavyo vinne. Nimehamisha mmoja mmoja, kila chumba kikapata mgonjwa wake. Kikohozi kimoja nani atakisikia? Kichwa hiki, acha tu.

Alhamisi, 6 Machi
Kimya! Wale wanne wanakula. Sindano nimeacha, dawa iliyobaki nimeiweka kabatini. Aliyepona unamdunga ya nini? Nimempigia mke wangu, nikamwambia banda halijawahi kuwa katika mikono salama kama hii. Kauliza habari za Malkia, jike lake lenye mimba, kabla ya kuuliza zangu.

Ijumaa, 7 Machi
Vyumba vyote vinakohoa. Hata Malkia. Sindano nimerudia. Nimewasha redio bandani, sauti ya juu kabisa. Shemeji kauliza nguruwe wana haja gani na taarifa ya habari. Nikamjibu kwamba si kila mtu ameridhika na ujinga.

Jumamosi, 8 Machi
Wawili wamekufa. Wale wadogo wa chumba cha nne, waliokuwa wazima kabisa Jumatano. Nilikaa juu ya ndoo nikalia, sina sababu ya kuficha.

Aliyemwita daktari ni Shemeji. Mimi niliona haya. Daktari kang'oa magunia yote, kauliza nani kahamisha wagonjwa. Nikasema labda wamehama wenyewe. Kanitazama, kisha akaendelea na sindano. Kasema Malkia huenda akapona, mimba haijulikani.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu karudi. Hakufoka. Afadhali angefoka. Kawahesabu mara mbili, kumi na wanane mara zote mbili, kisha akapiga magoti kwa Malkia na kumshika sikio. Machozi yalimtoka. Kanyoosha mkono bila kunitazama, nikampa ufunguo, naye akampa kaka yake. Shemeji akasema pole, tena kwa moyo, jambo lililoniudhi zaidi.

Nimekaa jikoni kutwa nzima nikijichunguza bila kujionea huruma. Mtu mzima hukubali kosa lake. Nami nimeliona: vyumba vinne ni vichache mno. Kikohozi kile kingegawanywa kwenye vyumba kumi na viwili, kisingesikika kabisa. Kesho nakwenda kwa fundi ujenzi.