Nilivyosahihisha Mafuriko ya Nyumba Yangu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mama mkwe. Na bado hata hajawa mama mkwe wangu!

Ngojeni niwaeleze polepole, maana nikiharakisha nitalia.

Leo Jumapili mama yake Shiro alikuwa anakuja kuona ninapoishi. Shiro ndiye msichana ninayetaka kumwoa. Mama yake ni mtu wa Nyeri, haongei sana, na hapo ndipo hofu inapoanzia. Mpango ulikuwa aje, ale, akague nyumba, na akiridhika aseme ni lini wazee wangu wa Bungoma wanaweza kwenda kwao kubisha hodi. Asiporidhika, basi, kila mtu ashike njia yake. Shiro alinionya, "Yule aliyekuja kabla yako alikataliwa kwa sababu ya choo." (Sikuuliza zaidi. Niliingia chooni na brashi.)

Nakaa Makadara, ghorofa ya kwanza, namba tisa. Nilipanga kila kitu. Vitambaa vya kochi, vyeupe pe. Kapeti niliazima kwa Mama Brayo, jirani yangu wa chini, ile nene ambayo yeye hutandika Krismasi peke yake. Akanipa akisema, "Wafula, hii kapeti ni kama mtoto yangu."

"Mtoto WANGU, Mama Brayo," nikamwambia.

Akanitwika kapeti begani, akarudi kwake.

Mnanijua lakini. Kazi yangu ni kuchapa kadi za harusi na programu za mazishi, kwa hivyo kosa la maandishi huniwasha mwili mzima. Kwenye gurupu la simu la ploti, yaani la wapangaji wote wa jengo letu, wananiita Bwana Ngeli. Mtu akiandika "xaxa", namrudishia "sasa". Akiandika "ni na kuja", namwunganishia. (Hakuna aliyeniomba. Msinikumbushe.)

Sasa, kwetu maji huja siku yanapojisikia. Basi ploti nzima tuna ujanja mmoja: mfereji ukikauka unauacha wazi, na ndoo tupu chini yake. Maji yakirudi, ndoo inapiga kelele, unaruka kuteka kabla hayajaenda tena. Ujanja mzuri sana. Una sharti dogo tu, kwamba uwe nyumbani.

Mimi nilitega ndoo yangu jikoni, nikafunga mlango kwa kufuli, nikaenda soko la Burma kutafuta nyama ya wageni.

Nikachagua mbavu, mchoma nyama akaziweka kwenye moto, nikakaa kwenye benchi na simu. Mara gurupu likalia. Mama Brayo!

"Maji ime rudi watu wangu tekeni haraka"

Nikafurahi. Si kwa ajili ya maji, la! Kwa ajili ya ile "ime rudi".

"Maji YAMErudi," nikaandika. "Maji ni wingi, hata yakiwa kijiko kimoja."

Watu wakatuma vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Nikajiona mtu wa maana sana. Kidogo tena, Mama Brayo:

"Kuna mtu ame wacha mfereji wazi. Maji ina mwagika kwa ngazi"

"AMEACHA, neno moja," nikajibu. "Na maji YANAmwagika kwenye ngazi. Tuipende lugha yetu."

(Moyoni nikamhurumia huyo mjinga aliyeacha mfereji wazi. Watu wengine kweli!)

Simu ikaita. Mama Brayo tena. Nikakata, nikidhani anataka tubishane kuhusu ngeli, na mimi sibishani mbele ya nyama. Akaandika:

"Ina toka chini ya mlango ya namba tisa!!!"

Nami, Wafula, mpangaji wa namba tisa, mlipa kodi wa namba tisa, nikajibu hivi: "Mlango WA. Na alama moja ya mshangao inatosha."

Naapa nilisoma ujumbe wote. Macho yalinasa kwenye ile "ya", mengine yakapita hivi hivi.

Halafu ukaja huu:

"WAFULA KAPETI YANGU"

Huo sikuusahihisha. Niliruka kutoka kwenye benchi kama nimekalia kaa la moto, nikadandia boda, nyama nikaiacha palepale. (Yeyote aliyeila, karibu.)

Nilipofika, maji yalikuwa yanashuka ngazi kwa utulivu kabisa. Keyteka, yule msimamizi wa jengo mwenye ufunguo wa valvu ya kufungia maji, alikuwa kanisani. Na pale katikati ya ngazi, nani? Mama yake Shiro! Viatu mkononi, sketi imepandishwa hadi magotini. Shiro nyuma yake, amejishika mdomo. Kando yao Mama Brayo, miwani puani, anamsomea mgeni gurupu lote kuanzia juu. Tena kwa sauti yangu! Alipofika "tuipende lugha yetu" akaweka hata mkono kifuani.

Mama yake Shiro akanigeukia.

"Wewe ndiye umeandika hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Ukijua ni nyumba yako?"

"Nilikuwa... nilikuwa sijafika kwenye maana, mama."

Shiro akashindwa. Akaketi kwenye ngazi, majini, na gauni lake la kanisani, akacheka mpaka akakosa pumzi.

Nikafungua kufuli. Ndoo ikatoka yenyewe ikielea, ikatupokea mlangoni. Kapeti ilikuwa imevimba. Mama Brayo aliiona akasema "Uuuwi!" ya msibani kabisa. Nikakimbilia mfereji, nikateleza, nikaufunga nikiwa nimepiga magoti. Nilitamani nibaki huko huko chini ya sinki.

Niliposimama, mama alikuwa ameshika ufagio anasukuma maji nje. Mgeni! Hajapewa hata chai! Nikajaribu kumnyang'anya ufagio, akanipa tambara.

Tulikausha hapo wote wanne. Mwisho mama akaegemea ufagio, akasema, "Shiro, mkioana, siku mtoto akimwandikia huyu baba yake 'ni na umwa', wewe ndiye umkimbize hospitali. Huyu atakuwa bado anaunganisha maneno."

Nilikamua tambara.

Tulikula kwa Mama Brayo, ugali na sukuma. Nilikula nikihesabu nimeshaachwa. Wakati wa kuondoka, mama akavaa viatu vyake polepole, akaniambia, "Choo chako ni safi. Wazee wako waje."

Nikasema asante mara tatu!

"Lakini siku hiyo wewe usiongee."

"Hata salamu, mama?"

"Salamu, sawa. Ila ukimsahihisha kaka yangu neno moja tu, utarudi Bungoma na mbuzi wako."

Kwa hivyo nimekubaliwa. Naandika haya nikiwa uwanjani, mikono imejaa povu, nasugua kapeti, na Mama Brayo ananichungulia dirishani kuona kama naruka pembe.

Msicheke, tafadhali. Na ukiona kosa popote hapa, usiniambie. Kwanza nenda ukaangalie mfereji wako.