Bastola Kwenye Ukurasa wa 27

Jumatatu, 3 Juni

Baridi ya kukata masikio. Maktaba ya mji wetu mdogo wa Gundrook imejaa wazee, kwa sababu ya hita, si kwa sababu ya elimu. Nikakaa karibu na rafu yangu. Naam, yangu! Mwaka wa nne huu mimi, Neville Tregenza, ndiye ninayewapendekezea watu riwaya za zamani za upelelezi, ujasusi na mapambano. Kila kitabu nimekibandikia kadi yenye maneno matamu. Sijasoma hata kimoja chote. Nisome ya nini? Jalada la nyuma, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa mwisho, kwisha kazi. Miaka thelathini nilikuwa msoma mita za maji. Nyumba zenye mbwa nilikadiria tu bila kuingia, na hakuna aliyekufa kiu.

Leo mkutubi, Noelene, kaniita pembeni. Watu wanalalamika, eti kadi zangu zinamtaja muuaji. Mzee Mervyn kasema amechoka kuambiwa amwangalie sana yule daktari kabla hata hajavaa miwani yake ya kusomea. Kwa hiyo Jumamosi wasomaji watapiga kura: rafu ibaki kwangu au aichukue Thelma Oatway. Thelma! Bibi wa miaka themanini na mbili, mjane wa mfuga kondoo, anayetafuna riwaya kama mchwa.

Tena kanichoma mbele za watu. Wazee wa hapa wana desturi yao: ukimaliza kitabu, unachora alama yako ndogo kwenye ukurasa wa 27, usije ukakiazima tena kwa kusahau. Thelma huchora samaki. Akaniambia, "Neville mwanangu, samaki wangu yumo katika vingi humu. Alama yako wewe iko wapi?" Nikamjibu kwamba mimi sisahau. Akasema hongera. Hongera yenye miiba.

Jumanne, 4 Juni

Mpango umepatikana. Vitabu mia mbili na kumi, alama mia mbili na kumi. Nimechagua bastola, inaendana na mambo yenyewe. Naichora kwa wino, maana penseli ni ya watu wenye wasiwasi. Hadi saa ya chai nilikuwa nimefika cha tisini. Noelene akauliza nafanya nini. Nikasema narudia vipande nivipendavyo. Akauliza mbona vyote viko ukurasa mmoja. Nikakohoa sana.

Alhamisi, 6 Juni

Bastola zote ndani. Kidole kimevimba. Mervyn kaja juu. Kumbe yeye huazima kwa kufuata samaki wa Thelma, na sasa kila samaki ana mwenzake. "Nani huyu anachora soseji kwenye vitabu vya watu?" Nikasema zile ni bastola. Akageuza kitabu juu chini, akatazama, akasema hata hivyo ni soseji.

Lakini hapo hapo nimekiri ni zangu, na watu kumi wamesikia. Ushahidi huo! Thelma alikoroga chai yake akitabasamu. Ameshindwa, maskini. Nikamwonea huruma kama dakika nzima hivi.

Jumamosi, 8 Juni

Nataka kufa. Nitaandika kwanza.

Watu ishirini na sita, keki za chokoleti na nazi, mimi na tai shingoni. Noelene akasema kila mmoja wetu wawili, mimi na Thelma, ampendekezee mwenzake kitabu kimoja. Thelma akaanza. Akanisimulia kuhusu jasusi mzee anayerudi kijijini kwao kumtafuta aliyemsaliti. Taratibu, bila mbwembwe. Msaliti hakumtaja. Watu wakaacha kutafuna. Hata mimi nilitaka kujua, na hilo likaniudhi.

Zamu yangu. Akatoa rafuni kitabu kiitwacho Sanduku la Kapteni Hallam, akaonyesha bastola yangu, akaomba nimpendekezee hicho. Nikaanza na meli, nikaja kwenye sanduku. Mwisho wa hadithi nikauficha, nisije nikalaumiwa tena. Akaniuliza kwa upole, "Na pale katikati, ukurasa wa mia, ulionaje?" Nikamwambia Bi Thelma asinikumbushe. Nikasema mikono ilinitetemeka. Nikasema damu ile ilinitoa nje nikatembee mpaka moyo utulie.

Kisha Mervyn akaangua kicheko, na wote wakamfuata.

Thelma akanifungulia kitabu. Kiwandani walikosea kukijalidi. Kuanzia ukurasa wa 97 hadi 128 ni maelekezo ya kufuma sweta za watoto wachanga. Ukurasa wa mia ni mkono wa kushoto wa sweta. Kila aliyewahi kukisoma anajua, yaani Gundrook nzima, na miaka yote hii hakuna aliyeninong'oneza. Kura ishirini na tano kwa moja. Hiyo moja niliipiga mimi.

Niliona aibu, sifichi. Thelma akanifuata mlangoni, akanipa kile cha jasusi mzee. Akasema, "Soma kimoja tu, kwa kweli, mwanzo hadi mwisho. Jumatatu uje unieleze, nitakuachia nusu ya rafu." Hakuwa akicheka. Hapo ndipo niliumia zaidi.

Jumapili, 9 Juni

Nimesoma! Kurasa arobaini na moja bila kuinuka kitini. Mkate umeungua jikoni, sikusikia harufu. Mzee yuko peke yake, taa imezimika, mtu anagonga mlango, naye anaitambua ile namna ya kugonga. Moyo ulinidunda, safari hii kweli. Sikujua vitabu humfanya mtu hivi.

Sasa nani anagonga? Zimebaki kurasa mia mbili.

Nikafungua ukurasa wa mwisho. Ni kasisi.

Basi, kujitesa kwa nini? Maneno ya kesho nimeshayaandaa: nitasema pale katikati palinifanya nishindwe hata kula. Na safari hii Thelma hanipati. Nimepekua kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa, mpaka jalada la nyuma, kuhakikisha hakuna sweta.