Petroli Haitoshi

Jumatatu, tarehe 9

Kipindi changu cha majaribio katika gereji hii kinakwisha Jumamosi. Siku hiyo Bosi ataamua iwapo nitakuwa Mkuu wa Kitengo cha Uchunguzi wa Injini au nitarudi mapokezi kupokea funguo. Kitengo chenyewe bado hakipo. Kibao chake nimekwisha kukiandika.

Nafasi imejileta. Mama mkwe wa Bosi, mkunga mstaafu, ameleta gari lake dogo jeupe, lililofungwa turbo, feni ya kuisukumia injini hewa, iliyotoka kwenye gari kubwa. Jumamosi anaingia mashindano ya kupanda mlima. Analalamika kwamba gari linakata pumzi kwenye kona ya tatu. Bosi, ambaye hutugombeza sote, alisimama mbele yake mikono nyuma kama anayesubiri sindano. Kisha akanivuta pembeni: msomi, huyu ni mkwe, ukiniharibia hapa mimi nyumbani sina pa kukaa.

Cheche, mama anayechomelea mabomba ya moshi, alipita akasema tuanze kwa kukaza klipu za bomba la hewa. Nimeyaandika hayo chini ya kichwa “Maoni Yasiyoombwa”. Halafu nikamwandikia barua rasmi ahamishe meza yake, kwani kuchomelea kwake kunaisumbua kompyuta yangu. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Meza sasa imetulia. Haijahama.

Jumanne, tarehe 10

Hatua ya kisayansi. Gari lina kihisi kimoja kwenye bomba la moshi. Kazi yake ni kunusa moshi na kuiarifu kompyuta kama injini inapata petroli ya kutosha. Nimeamua kuongeza cha pili, karibu zaidi na injini. Pua mbili hunusa vizuri kuliko moja.

Tatizo dogo la kiutawala: kukifunga kunahitaji kutoboa bomba na kuchomelea shingo ya chuma, na anayechomelea ni Cheche. Baada ya barua ile, kumwomba ni kujidhalilisha. Nimetoboa mwenyewe. Drili iliteleza kidogo, tundu likakaa mshazari. Nimezungushia gundi ya kuhimili joto. Kazi nadhifu.

Saa tisa alasiri, kihisi kipya kikatoa hukumu: PETROLI HAITOSHI. Nilijua! Nikaongeza asilimia tano. Haitoshi. Kumi. Haitoshi. Nimeacha kwenye kumi na mbili ili injini ipate usingizi wa kutafakari.

Jumatano, tarehe 11

Asilimia kumi na nane. Gari linatoa moshi mweusi. Dobi wa jirani amekuja na shati lililokuwa jeupe, akauliza kwa upole kama tumeanza biashara ya mkaa. Nimemweleza uhusiano wa hewa na petroli. Aliondoka kabla sijafika kwenye mchoro.

Nimefungua plagi za kuwashia injini. Nyeusi kama masizi ya sufuria. Cheche, akiwa kwenye meza yake iliyotulia, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba gari hilo limelishwa likavimbiwa. Nilimwonyesha kioo cha kompyuta: petroli haitoshi. Akasema, “Injinia, mgonjwa anatapika, wewe unamwongezea uji.”

Niliongeza mbili.

Alhamisi, tarehe 12

Mama mkwe amekuja bila taarifa. Bosi alimletea kiti, akakifuta kwa shati lake mwenyewe.

Hakutazama kompyuta hata mara moja. Aliweka kiganja juu ya boneti akauliza hali hii imeanza lini. Nikamwambia kuna grafu. Akasema hakuuliza grafu, mwanangu, ameuliza lini. Nikakiri kwamba moshi umeanza Jumanne alasiri. Akauliza Jumanne asubuhi gari lilifanywa nini. Nikasema liliboreshwa.

Amezalisha miaka thelathini, akasema, na hajaona mtu anayekwenda kwa mkunga amejifunika gubigubi. Mficha uchi hazai. Kama kuna kitu nimekigusa, niseme, hatapiga mtu.

Nilimhakikishia kuwa ni marekebisho ya kawaida. Nilitazama kibao changu. Siku mbili tu zimebaki.

Alipoondoka, Bosi aliniambia taratibu, jambo ambalo ni baya kuliko kelele, kwamba kesho jioni gari liwake bila moshi, la sivyo nijiandae kupokea funguo hadi nizeeke.

Ijumaa, tarehe 13

Asilimia ishirini na sita. Gari halikuwaka kabisa. Plagi zimelowa petroli. Kompyuta, kwa uthabiti wa kupendeza, inasisitiza kwamba petroli haitoshi.

Saa kumi Bosi alimwita Cheche. Nilipinga kwa hoja tatu. Alisikiliza ya kwanza.

Cheche alikausha plagi, akaniamuru nirudishe namba zote kama zilivyokuwa Jumatatu. Kwa bahati huwa natunza nakala. Gari likawaka. Akaziba mdomo wa bomba la moshi kwa tambara, akapitisha brashi ya maji ya sabuni kuanzia nyuma kuja mbele, polepole. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Alipofika kwenye kihisi changu, mapovu yakatoka, makubwa, yenye rangi za upinde wa mvua. Moja lilipasukia puani mwangu.

Aliuliza nani katoboa hapa. Bosi alinitazama. Mimi nilitazama sabuni.

Akaeleza, bila kunitazama, kwamba bomba likiwa wazi, kila moshi ukipita, hewa ya nje nayo huvutwa ndani kupitia ufa wa gundi. Pua inanusa hewa ya uani, inadai petroli. “Hata ungemwaga kisima kizima, Injinia, ingesema haitoshi.”

Akang'oa kihisi changu, akaliziba tundu kwa kulichomelea; kazi ya dakika nane. Halafu, akipita tu, akakaza klipu ya bomba la hewa. Nusu mzunguko wa bisibisi.

Jumamosi, tarehe 14

Mama mkwe ameshika nafasi ya pili. Kona ya tatu aliipita bila gari kukata pumzi. Alimkumbatia Cheche. Bosi alikumbatiwa pia, akabaki amesimama wima kama mlingoti. Mimi alinipa mkono, akauliza kama nimeshajifungua.

Hukumu imetolewa. Kitengo hakitaundwa. Sitarudi mapokezi pia, kwani Cheche ameniombea: miezi mitatu niwe chini yake, nijifunze kuchomelea. Bosi akasema nimshukuru. Nilimshukuru kwa maandishi. Barua imekwenda chini ya mguu wa pili.

Jumatatu, tarehe 16

Nimeyatafakari yote kwa utulivu na kubaini kasoro ya msingi: sabuni haina takwimu. Cheche aliona mapovu, lakini mapovu mangapi? Kwa kasi gani? Hakuna kumbukumbu yoyote.

Kinachohitajika ni kihisi cha tatu, cha kuchunguza kama vihisi vingine vinavujisha. Nitamshangaza Bosi. Cheche alipokwenda kula mchana nimeazima drili yake, nikaanza na gari la Bosi mwenyewe. Tundu limekaa vizuri, mshazari kidogo tu.

Safari hii gundi nimepaka mara mbili.