Bekoni ya Ng'ombe

Jumanne, 15 Julai
Habari njema redioni! Yaani mbaya, lakini si kwangu. Homa ya nguruwe imeingia Bara, wanakufa banda zima kwa pamoja, na nyama yao imezuiwa kuvushwa kuja Unguja. Binadamu haimdhuru, wamesema. Inayoumwa ni biashara. Bi Wanu, mnunuzi wa hoteli moja ya Mji Mkongwe, kaja buchani kwangu hapa Bububu kuchukua steki, uso umemshuka. Wageni wake wakiamka wanauliza bekoni, ile nyama ya nguruwe ya moshi wanayoila na mayai. Hana. Nikamwambia mimi natengeneza bekoni ya ng'ombe, tena jicho halitofautishi. Kaagiza ya kujaribu. Sijapata kuitengeneza maishani mwangu! Machano, mwenye bucha la ng'ambo ya barabara, alikuwa akituchungulia. Achungulie.

Alhamisi, 17 Julai
Balaa. Nimekata kidari vipande vyembamba, nikatia chumvi, nikavitundika ndani ya pipa juu ya kuni za mkarafuu. Moshi ukaingia kwenye nguo alizoanika Riyama, mke wangu. Nyama ikawa makaa. Riyama kauliza kama nina akili timamu. Nikaenda kwa Sipriani. Rafiki yangu tangu skuli, seremala, Mkristo, anafuga nguruwe bondeni nyuma ya nyumba yake. Idi tunampelekea pilau. Krismasi yeye hutuletea soda na biskuti za pakiti, kwani anajua vyomboni mwake hatuli. Kaja uani, mikono kaifunga nyuma, hakugusa kisu wala pipa, kanielekeza kwa kidevu tu. Nyama ilale kwenye chumvi na sukari kwanza. Moto uwe mdogo, moshi uwe mwingi. Kanywa chai, kaenda zake.

Jumatatu, 21 Julai
Imekubali! Mpishi wa hoteli, Mtaliana, kaionja akabusu vidole. Nilijiona tajiri mpaka Bi Wanu alipofungua mdomo. Atachukua yangu mwezi huu tu, kasema. Nguruwe wa Sipriani ni wa hapahapa, wazima, na wakishanenepa hoteli zote zitanunua kwake. Sipriani! Nilirudi nimenuna. Nikapita kwa Himid, kinyozi, kuchonga ndevu. Kile kiti chake kinalegeza ulimi. Nikasema, kama mtu anayejisemea, kwamba nguruwe mmoja wa Sipriani nimemsikia anakohoa. Basi. Neno homa sikulitaja.

Alhamisi, 24 Julai
Maneno yale yamenirudia asubuhi, yamenenepa. Muuza samaki kaniambia nguruwe wa Sipriani nusu wameshakufa, na kuna mtu Fumba kalazwa. Nikasema "Lo!" kama wengine. Mchana bwana mifugo kashuka bondeni, kachukua damu ya nguruwe ikapimwe, kapiga marufuku. Asitoke mnyama, yasiingie makombo ya hoteli, kwani ugonjwa husafiri na makombo. Na makombo ndiyo chakula chao! Jioni Sipriani kaja. Kaniomba nifuatane naye kwa sheha, mkuu wa mtaa wetu, nikaseme kwamba nguruwe wake nawaona kila siku na ni wazima. Nikamwambia nina oda ya hoteli, pipa liko motoni. Kanitazama.

"Haya, ndugu yangu," kasema.

Nyama ya leo nimeikata vibaya.

Jumamosi, 26 Julai
Tumekamatwa! Si mimi, bekoni yangu. Wakaguzi wameingia jikoni mwa hoteli kutafuta nguruwe wa magendo, wakaikuta. Mpishi kawaambia haina tofauti hata kidogo na ya nguruwe. Alidhani ananisifu! Nikaitwa. Nikaapa ni ng'ombe. Bwana mifugo, mtu mwenye alama ya sijda usoni, kaniuliza yeye atajuaje. Nikamwambia aionje. Karuka nyuma kama niliyemshikia nyoka. Kabla ya adhuhuri Bububu yote ishajua kwamba Ubwa anauza nguruwe. Wateja wangu wamevuka barabara. Machano kaongeza mtu wa kukata nyama. Mama mkwe karudisha bakuli la mchuzi tulilompelekea, hata kulifunua hakulifunua.

Jumatatu, 28 Julai
Nani hapa anaijua ladha ya nguruwe, na watu wanamwamini? Kila nikifikiri jina linakuja lilelile. Nikashuka bondeni. Kimya. Mabanda matupu, na pembeni udongo mbichi umemwagiwa chokaa. Apolonia, mke wa Sipriani, alikuwa mlangoni. Kanieleza bila ya kunitazama. Majirani waliovumilia miaka yote walikwenda kwa sheha, wakataka nguruwe waondoke. Chakula hakuna, mnunuzi hakuna. Jana Sipriani kawachinja wote, kawazika kwa mikono yake, na jike mwenye mimba pia. Asubuhi ya leo bwana mifugo kapiga simu. Damu safi. Homa hakuna. Haikuwepo.

Nilitaka nikae palepale chini, niseme. Badala yake nikaeleza shida yangu ya bekoni. Ndiyo, niliieleza! Sipriani alikuwa bombani ananawa udongo. Kasema atakuja.

Jumanne, 29 Julai
Mbele ya bucha langu wamesimama sheha, bwana mifugo, Machano, na wanawake na vikapu vyao. Sipriani kachukua kipande, kakitafuna polepole.

"Ng'ombe," kasema. "Tena ng'ombe mzee. Na chumvi imezidi."

Watu wakacheka. Bwana mifugo akanipa mkono. Mama mkwe akataka nusu kilo. Nimeokoka! Nikamkimbilia Sipriani njiani, nikamshukuru mpaka maneno yakanishia. Kasimama.

"Himid kaniambia nani aliyeanza," kasema. "Siku ile nilipokuja kwako nlikuwa nshajua. Nlikuja nikupe nafasi."

Nikamuuliza kwa nini basi kanisaidia leo.

"Si ni ng'ombe?" kasema. "Ulitaka niseme nini?"

Kaenda zake bondeni. Nimeuza nyama yote kabla ya laasiri, na sikumbuki niliyemuuzia.

Jumamosi, 2 Agosti
Leo nimekwenda kumtaka radhi. Nimevaa kanzu. Njia nzima nimeyapanga maneno. Nimemkuta na nyundo, ndiyo kwanza anaanza kuvunja mabanda, atumie mbao zake kwa useremala. Nikamwambia pole sana. Kasema ahsante. Hapo yale maneno yangu yangefuata. Lakini macho yaliniponyoka. Bati zima juu, saruji chini, bomba la maji ndani kwa ndani. Mabanda mazuri vile yavunjwe! Na juzi Bi Wanu kalalamika hotelini bata hawapatikani. Nikamwambia asivunje, nitayakodi mimi. Kataja bei. Nikaikata nusu, mazoea tu. Nilingoja abishane, ndiyo desturi. Hakubishana. Kaweka nyundo chini, kaingia ndani.

Riyama, ambaye maneno ya kwa Himid yameshamfika, kaniuliza kama nimeomba msamaha. Nikasema nimempa pole.

"Pole anaitoa mpita njia," kasema. "Wewe hukupita njia, Ubwa. Wewe ndiye uliyemuangusha."

Kisha kauliza ni mtu gani anayesafishwa Jumanne mbele ya Bububu nzima kwamba hana habari na nguruwe, akakodi banda lao Jumamosi. Kaingia chumbani, kafunga mlango.

Moyo unaniuma, sitajidanganya humu. Uso wake alipoweka ile nyundo hauniondoki. Mabanda nitayaosha kwa maji na udongo mpaka yatahirike, hilo lisimtie mtu wasiwasi. Na radhi nitamtaka, wallahi nitamtaka. Nitamtaka siku nikimpelekea kodi ya kwanza, nimalize yote kwa safari moja. Nshamwambia kodi aisubiri mpaka bata wakue.