Wufa Yangu na Kabichi za Mukhisa

Jumatatu, 11 Novemba 1996. Kitale.

Siku kubwa! Kuanzia leo mimi ni Mkurugenzi. Kampuni ina mkurugenzi mmoja, pikapu moja ya Datsun, na spika moja ya besi, mpya kabisa, kubwa kama sufuria ya harusi. Vijana wanaiita wufa. Nimeitengenezea sanduku la mbao na kulifunga nyuma ya pikapu. Nilipita nayo mjini mara tatu bila hata kuiwasha, ili watu waizoee.

Kazi nayo iko tayari. Bibi Kaushalya, mwenye duka la vitambaa, mjukuu wake anaoa Bungoma Jumapili ya tarehe ishirini na nne. Kwa desturi ya Wahindi, bwana harusi haingii kwa wakwe kimya kimya. Anaingia kwa msafara, ndugu zake wakicheza barabarani, na mbele yao gari la muziki. Gari hilo ni langu. Bado hajaniambia, lakini ni langu.

Kuna jambo moja dogo. Pikapu ni ya kaka yangu Mukhisa. Amesema isipopata kazi ya maana kabla mwezi haujaisha, inarudi kubeba kabichi kutoka Cheptais. Ati kabichi hazichagui dereva. Mkurugenzi na kabichi! Haiwezekani.

Jumanne, 12 Novemba.

Wufa inanong'ona. Niliiwasha karibu na soko nikitegemea vioo vya maduka vitetemeke. Hata mama wa ndizi hakugeuka.

Nikairudisha kwa Mohini aliyeniuzia. Ana duka la redio na ulimi mkali kuliko bisibisi zake. Alibonyeza ile karatasi nyeusi ya spika kwa vidole, polepole. Akasema spika ni nzima, ila bado ni ngumu. Karatasi imeshikwa na vitu viwili, ukingo wa mpira mbele na kitambaa cha mikunjo nyuma. Vikiwa vigumu haiwezi kwenda na kurudi vya kutosha, kwa hiyo besi ya chini haitoki. Niipigie muziki wa wastani kila siku hadi harusi, italegea yenyewe kwa kiasi chake. "Na usiiguse," akasema. "Wewe Wekoye hasa, usiiguse."

Nilimshukuru kwa heshima zote. Mama mzuri, lakini ngoma haijui. Mjomba wangu kule Bokoli alikuwa mpiga ngoma. Kabla ya sherehe aliisogeza karibu na moto mpaka ngozi ikakaza, ndipo akapiga, na watu wa ng'ambo ya mto Nzoia wakaanza kuoga waje. Spika ni nini kama si ngoma yenye umeme? Mohini anataka ilegee. Mimi nitaikaza.

Alhamisi, 14 Novemba.

Nimekaza! Nilipaka gundi ya mbao kwenye ukingo wa mpira, na nyingine kwenye kitambaa cha nyuma, kisha nikaiweka kando ya jiko la Lenah ikauke. Lenah ni mke wa Mukhisa. Alikuja na karedio kake kusikiliza matangazo ya vifo, maana hakosi hata siku moja, akauliza kama siku hizi tunakula spika. Nilimweleza kwamba haya ni mambo ya ufundi. Akajibu kwamba hilo ni jiko lake.

Sasa karatasi haisogei hata ukiisukuma kwa ngumi. Raha tupu.

Nimegundua nina mpinzani. Kibiwott naye anaitaka kazi ya harusi. Ana Peugeot 504 na wufa kama yangu, ya kwa Mohini. Nilimkuta akiosha gari huku muziki wa kwaya ukipiga chini chini. Ati ameipigia hivyo kila asubuhi tangu mwezi uliopita, kama alivyoambiwa. Kuna watu wanaambiwa kitu na wanakifanya! Nilimwonea huruma.

Jumamosi, 16 Novemba.

Mtihani. Bibi Kaushalya alituita wote wawili mbele ya duka lake. Hakutaka maelezo, ingawa nilikuwa nayo mengi. Aliweka glasi ya chuma yenye chai ukingoni mwa veranda, akaketi kando yake.

Kibiwott alianza. Chai ikafanya viduara, kimoja ndani ya kingine. Bibi akatikisa kichwa kidogo kidogo akifuata mdundo. Askari aliyekuwa akipita akasahau alikokuwa anakwenda.

Zamu yangu. Koh! Koh! Koh! Chai ikalala usingizi. Mwenye duka la pili akatoka kufungua mlango, akidhani kuna mtu anabisha. Nikaongeza sauti. Akatoka tena.

Bibi alishuka, akaigusa spika kwa kidole kimoja. "Kijana, hii umeiua," akasema. Kisha akanieleza habari za ngoma yao, ile wanayoivaa shingoni kwenye harusi. Ina pande mbili. Upande mdogo ngozi imekazwa, unapiga kelele tu. Upande mkubwa ngozi imelegezwa kidogo na kupakwa dawa nzito kwa ndani, na huo ndio unaoingia tumboni. Bila huo hakuna anayecheza.

Kazi amepewa Kibiwott. Lakini mimi sikutoka mikono mitupu! Nitafuata nyuma ya msafara, gari la akiba. Nadhani aliona ninavyopangusa macho. Lilikuwa vumbi, ingawa kweli niliumia.

Jumatatu, 18 Novemba.

Dawa nzito kwa ndani! Kwa nini hakuna aliyeniambia mapema?

Nimebandua gundi yote kwa kisu. Ilitoka na vipande vya kitambaa cha nyuma, si kitu. Kisha nikachanganya grisi na samli ya Lenah, nikapaka kila mahali, kwa ukarimu. Kufikia jioni karatasi ilikuwa laini mno. Ukifunga mlango wa pikapu inapumua yenyewe.

Mohini alipita, akatazama, akashika kichwa, akaenda zake. Wivu.

Niliijaribu kwa sauti ndogo. Besi ilikuja mpaka kwenye nyayo! Mukhisa mwenyewe aliitikia kwa kichwa. Akasema atapanda nami hadi Bungoma, na akiona kwa macho yake watu wakicheza kwa muziki wa gari hili, pikapu itabaki kwangu. Nimempa mkono. Nimekwisha kuamua rangi ya maandishi ya mlangoni.

Jumapili, 24 Novemba. Bungoma.

Niandike upesi kabla Mukhisa hajazima taa.

Msafara ulipendeza. Kibiwott mbele, besi yake ya taratibu, watu wakicheza kwa adabu. Mimi nyuma, kimya, Mukhisa pembeni yangu amevaa suti. Nilisubiri mpaka lango la wakwe lilipoonekana. Nikafungua sauti yote.

Pigo la kwanza lilikuwa tukufu! Mukhisa alishika kofia. Kila mtu aligeuka.

Pigo la pili, karatasi iliruka nje na hakukuwa na kitu cha kuirudisha. Ikakwaruza, ikakoroma, ikatoa moshi. Samli nayo ikaanza kuungua pole pole. Harufu yake ilikuwa tamu, lazima niseme. Wageni walikuwa hawajatia kitu tumboni tangu Kitale. Waliinusa, wakatazamana, na msafara mzima ukanigeukia mimi, wakicheza, wakiuliza sahani ziko wapi. Bwana harusi alifika langoni na Kibiwott na shangazi mmoja mwenye mafua.

Bibi Kaushalya alichungulia ndani ya sanduku. Alicheka mpaka akaegemea gari. Halafu akamwambia Mukhisa kwamba jikoni wamepungukiwa mboga na pikapu hii ina nafasi nzuri sana nyuma. Mukhisa hakunikaripia. Alinyoosha tu mkono, nikampa ufunguo. Ni afadhali angenikaripia.

Jumanne, 26 Novemba. Cheptais.

Naandika nikiwa juu ya kabichi. Mukhisa anaendesha. Ameniruhusu nizishikilie zisianguke.

Baridi ya huku inasafisha akili. Nimelifikiria jambo zima na sasa kosa naliona wazi. Kukaza kulikuwa sawa kabisa. Nilipaka gundi mara moja tu, kwa uoga, na mjomba hakuwahi kukaza ngoma nusu nusu. Kilichoniponza ni kusikiliza ushauri wa watu.

Nimekwisha kurekebisha. Wufa imeungua, lakini ile redio ya Lenah, spika yake imelegea vibaya, marehemu wa watu wanatajwa kwa kukoroma. Leo alfajiri, kabla hatujaondoka, niliifungua nikaipaka gundi mara tatu, mbele na nyuma, nikaiacha kando ya jiko.

Matangazo ya vifo ni mchana huu. Lenah ndiye mwenye sauti nyumbani mle, akisema neno Mukhisa hapingi. Akishaisikia redio yake, kesho ufunguo uko mkononi mwangu.