Malalamiko Dhidi ya Joka Liitwalo Mto

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Mapambano ya Viumbe,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUPIGA MARUFUKU JOKA LISILOPIGANA

Najua uko safarini na barua hii utaikuta mezani. Natumaini umerudi salama. Mimi si salama. Mwili hauna neno. Kilichoumia ni heshima, na dawa yake haiuzwi dukani.

Unanifahamu: fundi wa kuchomelea mageti, nahodha wa klabu hii mpaka Jumamosi iliyopita, mwenye Tai wa Radi aitwaye Kiberiti. Nilimlea Kiberiti tangu akiwa kifaranga asiyeweza kuangusha hata konokono wa mchezo wetu wa skrini. Nilimfundisha kasi. Nilimfundisha kupiga kabla mwenzake hajapepesa jicho. Mlikuwa mkimshangilia mkisimama juu ya viti.

Jumamosi, katika pambano la kuwania unahodha, tulishindwa na shangazi yangu.

Shangazi huyu ni dada mkubwa wa marehemu baba, muuguzi mstaafu wa wodi ya wazazi. Alijiunga na klabu kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, televisheni siku hizi ina kelele. Alipoambiwa achague kiumbe, akachagua joka. Nikafurahi, nikasema damu yangu hiyo. Kumbe! Joka lenyewe ni kubwa kama lori la mchanga, magamba mgongo mzima, na kazi yake ni kukaa. Amelipa jina Mto. Si mto wa maji, Mwenyekiti. Mto wa kulalia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Joka hilo halipigani. Kiberiti alilipiga radi ya uso, likajikunja. Akalipiga tena, likajikunja zaidi. Kila likijikunja magamba yanazidi unene, mpaka radi yangu ikawa kama kofi la mtoto juu ya gunia la saruji. Kati ya kujikunja na kujikunja likapumua mara moja. Moto haukutoka. Kilitoka kimoshi cha kijani, kama cha kuni mbichi. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, ukumbi wote ni shahidi. Hakuna mwungwana aliyeniambia kwamba kimoshi kile ni sumu, na kwamba tangu hapo uhai wa Kiberiti ulikuwa unavuja kila raundi kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Joka lisilotema moto ni mjusi aliyeshiba, na kanuni zetu ziseme hivyo.

2. Joka hilo linalala. Silitukani, ndivyo linavyofanya. Baada ya jasho langu lote kulifikisha nusu ya uhai, shangazi alibonyeza kitufe, joka likafumba macho, likakoroma, likaamka zima kama limetoka kuoga. Mimi nikilala kazini, mteja anaondoka na chuma chake. Joka likilala kazini, linapigiwa makofi.

3. Shangazi alimenya chungwa. Pambano limepamba moto, yeye kidole kimoja kiko kwenye kitufe na vingine viko kwenye kisu. Ganda likatoka refu bila kukatika, watazamaji wakaacha kunitazama mimi wakatazama ganda. Kisha akanimegea kipande. "Kula, mwanangu," akaniambia, "utaishiwa nguvu." Nikakataa. Nikamwambia, kwa heshima zote, "Shangazi, pigana!" Akajibu bila kuinua macho: "Mtoto hatoki kwa kupigiwa kelele, baba. Mimi nimekaa na wenye uchungu maisha yangu yote. Wewe endelea tu kusukuma."

Watu walicheka hadi machozi. Mwamuzi, yule mpiga chapa, alicheka mpaka akaegemea swichi na kuzima taa. Naomba kujua: mwamuzi aliyezima taa kwa kicheko anabakije mwamuzi?

Taa zilipowaka, Kiberiti alikuwa ameishiwa radi. Sikujua kwamba radi huisha. Sikuwahi kupigana kwa muda mrefu hivyo. Akabaki anapiga mbawa hewani kama kuku aliyekosa dirisha, sumu ikamaliza iliyobaki, akaanguka chali. Joka halikumgusa hata kwa ukucha! Na shangazi ikabidi atafute miwani ili aone kama ameshinda.

4. Jumamosi ijayo tunapambana na klabu ya ng'ambo ya barabara. Tutaongozwa na Mto. Sina la kuongeza hapo, aibu inajitosheleza.

5. Mtu asiniambie kwamba sijui maana ya kujilinda. Mageti yangu yamesimama mitaa yote inayotuzunguka. Geti linazuia mwizi. Sijapata kuona geti linalomshinda mwizi kwa kumsubiri azeeke. Lakini juzi mteja amenijia karakana, amevaa suti, akasema bila haya: "Fundi, nataka geti kama joka la shangazi yako." Nimemtengenezea, kwa kuwa kazi ni kazi, ila sikumsindikiza.

6. Ugonjwa umeingia nyumbani kwangu. Mke wangu alikuwapo siku ile. Zamani tukikosana tuligombana vizuri, kwa zamu, kama watu waliostaarabika. Jumapili mchana nilimuuliza nani amehamisha viatu vyangu. Akajikunja kochini. Nikapandisha sauti, akajifunika khanga. Nikaleta hoja ya pili, nzito kuliko ya kwanza. Akakoroma pale pale kwenye kochi. Alipoamka alikuwa na uso mwororo kama aliyetoka likizo, mimi nikiwa nimekauka koo, na aliyeomba msamaha ni mimi. Wa nini, sijui mpaka leo. Tukinyamaza, Mwenyekiti, kesho mawakili watalala mahakamani, na keshokutwa wazima moto watakaa pembeni wakisubiri nyumba ichoke kuungua.

7. Shangazi amenipigia simu na sikupokea. Huyu ndiye aliyenilea baada ya mama kuondoka. Kila asubuhi nikienda kazini nilipita kwake kumwamkia. Wiki nzima nimezunguka kwa njia ya nyuma, kwenye matope, ili nisipite mlangoni pake. Viatu vimeharibika. Hilo nalo naliweka juu ya joka.

Kwa hiyo naomba: kila joka litemeshwe moto mbele ya kamati kabla ya kusajiliwa, japo moto wa kuwashia mshumaa, kiumbe anayetaka kulala apate kwanza ridhaa ya mpinzani wake, wastaafu wa kazi za kusubiri wapambane wao kwa wao, katika chumba chao, na matokeo ya Jumamosi yafutwe.

Nawasalimu wajumbe wote, mwenye duka la vipuri hapo chini, na hata mwamuzi. Shangazi mwambie nimesema shikamoo, ila asiitikie kwa sauti ya ushindi.

Wako katika kuonewa,

Fundi wa Mageti,
Nahodha halali.

Nyongeza: Bahasha ilikuwa bado wazi Jumamosi hii nilipoitwa mbio ukumbini. Klabu ya ng'ambo ilikuwa imeshafika, na vidole vya shangazi vimevimba kwa baridi yabisi, hawezi kubonyeza. Nilikwenda kwa ajili ya klabu tu. Akanisogezea kiti, akaniwekea skrini mapajani. "Lishike, mwanangu. Usiwe na haraka." Mpinzani alikuwa fundi simu, kijana wa maneno mengi mwenye simba wa moto. Akapiga, nikajikunja. Akapiga, nikajikunja. Nikapumua, akacheka. Nilipolala akasimama. Nilipoamka akavua koti. Shangazi alikuwa akiniegemea begani, na nakuapia, Mwenyekiti, sijapata kuona mchezo wenye akili, adabu na utu kama huu. Simba aliishiwa moto, akalala mwenyewe.

Tumeshinda. Maombi yangu yote yafutwe, na atakayeligusa joka letu tuonane karakana. Yule fundi simu ameondoka akiuliza anwani yako. Akikuandikia, tafadhali usijisumbue kusoma. Kuna watu hawajui kushindwa.